Chapa ya Mia Nne Kumi na Saba

Nkuba alijivunia jambo moja, na hilo alijivunia kupita kiasi: ng'ombe aliyepigwa chapa kwa mkono wake hakuoza kidonda. Wasukuma wote waliohamia mbuga za Usangu miaka ile walilijua. Mtu akipokea mahari au akinunua mitamba mnadani, alimtumia ujumbe Nkuba, naye Nkuba alikuja na vyuma vyake mgongoni, akitembea polepole makusudi, kwa sababu alijua anasubiriwa.

Ndiyo maana barua kutoka Iringa ilipofika kijijini Mwamihale mwaka 1976, ikisema kwamba mashine zote za vijiji zipigwe chapa ya namba, mkutano haukupoteza muda kumtafuta mtu wa kazi. Macho yote yalimgeukia yeye. Nkuba alikohoa, akajifanya anafikiri.

Barua ilitoka kwenye ofisi ya kanda ya mashine. Ofisi hiyo ilihudumia vijiji vya Mbeya na vya Iringa, na kazi yake kubwa ilikuwa kupeleka vipuri mahali visipotakiwa. Kijiji kikiomba mkanda, kililetewa bomba. Kikiomba bomba, kililetewa semina. Sasa ilikuwa imepata mkuu mpya, Bwana Marcelino, kijana aliyetoka masomoni ng'ambo akarudi na jozi mbili za miwani, moja ya kusomea na moja ya kukaa nayo mikutanoni. Yeye aliona ugonjwa uko mahali pamoja tu: mashine hazina utambulisho. Kuanzia sasa kila mashine ingekuwa na namba yake peke yake, isiyofanana na ya mashine nyingine yoyote toka Tunduma hadi Kilolo. Namba ingetolewa kwa redio koli, kwa amri maalumu, na kijiji kingeichonga kwenye chuma.

Mwamihale ilikuwa na mashine tatu. Kulikuwa na pampu mtoni, ya kuwanywesha watu na mifugo. Kulikuwa na mashine ya kukoboa mpunga, nzee, inayotoa moshi kuliko mchele. Na kulikuwa na mashine ya kusaga, iliyosimama juu ya saruji katikati ya kijiji, chini ya mikono ya Ng'washi, mke wa Nkuba. Kabla haijaja, wanawake wa Mwamihale walitwanga na kusaga kwa jiwe, na Ng'washi alikuwa na mabega mawili yasiyolala usiku kwa maumivu. Sasa alilala. Yeyote aliyetaka kujua mashine ile ni kitu gani pale kijijini angewauliza wanawake, si ofisi.

Nkuba akadandia lori la mpunga pale Igawa, akashuka Uyole, ambako ofisi ile ilikuwa na chumba chenye redio. Redio ilishikwa na Ikupa, binti wa Kinyakyusa, ambaye siku hiyo alikuwa amekwisha kuwahudumia wajumbe wa vijiji hata sauti ikamkauka. Nje mvua ilinyesha, na foleni ilikuwa imejibana ndani yote, ikinuka makoti mabichi.

"Mzee, sikiliza vizuri," Ikupa alimwambia. "Ukibonyeza hapa unasema maneno manne tu. Weka. Namba. Mashine. Halafu jina la kijiji. Kisha unasema ova. Usiongeze, usipunguze."

"Na salamu?"

"Salamu hakuna."

Nkuba alidhani anataniwa. Mtu mzima azungumze na mtu mzima mwenzake, tena wa mbali, tena wa serikali, bila hata kumjulia hali? Akabonyeza.

"Mwangaluka, bhabha. Mmeamkaje huko Iringa? Watoto hawajambo? Huku kwetu mvua imeanza, ng'ombe zinashiba..."

"Amri haijulikani," sauti ilijibu kutoka ndani ya kile chuma. "Rudia. Ova."

"Anasemaje huyu?"

"Anasema hajakuelewa."

"Si nimemsalimia!"

"Ndiyo hicho hajakielewa."

Alijaribu tena. Alisema anaomba namba, tafadhali, kama hawana shughuli nyingi. Amri haikujulikana. Alisema ametumwa na kijiji kizima, na yeye si mtu wa kuja mjini ovyo. Amri haikujulikana. Alisema waweke namba ya mashine ya Mwamihale, akaambiwa kuna maneno yamezidi. Watu wa foleni walianza kucheka, na mmoja akamshauri amwimbie. Nkuba alikunja uso, akashika kile kidude kwa mikono miwili, akatamka kwa ukali wa mtu anayefukuza mbuzi shambani:

"Weka! Namba! Mashine! Mwamihale! Ova!"

"Namba imewekwa," sauti ikasema, tena kwa upole. "Nne, moja, saba. Ova."

Ikupa akamwandikia kwenye kipande cha karatasi. "Kuna nyingine?"

"Nyingine ya nini?"

"Mashine nyingine, mzee."

Nkuba alicheka, kwa mara ya kwanza siku hiyo. "Mwanangu, mashine zetu zote ni za mwenye mmoja."

Ikupa alimtazama. Pengine angeuliza zaidi, lakini mtu wa nyuma alikuwa ameshaweka kiwiko mezani. "Haya, anayefuata," akasema.

Tusimcheke Nkuba haraka. Mtu aliyekua kati ya ng'ombe anajua chapa ni ya nini. Chapa inasema mnyama ni wa nani, basi. Ng'ombe mmojammoja hajulikani kwa chapa. Anajulikana kwa rangi yake, kwa pembe, kwa namna anavyogeuza kichwa akiitwa. Mfugaji mwenye ng'ombe mia ana chapa moja kwa ng'ombe mia. Akionekana na chapa tofauti-tofauti zizini, huyo wazee watamwita wamuulize wale wengine kawatoa wapi. Nkuba hakukosea hata kidogo. Alifanya kazi yake sawasawa, ila alikuwa akiifanyia dunia nyingine.

Siku ya kupiga chapa ilikuwa sikukuu. Pombe ilipikwa, mbuzi akachinjwa. Nkuba alikuja na nyundo na tindo mpya ya kukatia chuma, akainama juu ya mashine ya kusaga, na kwa mazoea akawaambia vijana, "Mshikeni vizuri." Vijana nao, kwa mazoea, wakaikamata. Akachonga nne, akachonga moja, akachonga saba, tarakimu zilizosimama wima, nzuri kuliko za mabango ya barabarani. Kisha akaenda kwenye ya kukoboa, akachonga zilezile. Kisha mtoni kwenye pampu.

"Baba Maganga," Ng'washi alimwambia walipokuwa wanarudi, "umeweka namba moja kote. Hao wa Iringa watajuaje ipi ni ipi?"

"Wewe ng'ombe zetu unazijua kwa chapa?"

"Kwa rangi."

"Basi na wao wana macho."

Mambo yalikwenda vizuri, tena kwa kutisha. Kila mwezi Mwamihale ilipeleka taarifa Uyole, na Ikupa aliirusha Iringa kwa maneno yanayokubalika: mia nne kumi na saba imesaga. Mia nne kumi na saba imekoboa. Mia nne kumi na saba imevuta maji. Bwana Marcelino alizisoma zote kwa miwani ya kwanza, akavaa ya pili, akaitisha mkutano. Aliwaambia watu kwamba kule Usangu, kwa wafugaji wasiojua kusoma, kuna mashine moja inayofanya kazi tatu. Akauliza wengine wana udhuru gani. Kijiji kimoja cha Kilolo kiliandikiwa onyo kwa sababu mashine yao ya kusaga, nzima kabisa, ilikuwa haijavuta hata ndoo moja ya maji.

Sifa zilimfikia Nkuba, na kichwa kikamvimba. Hakuelewa hasa anasifiwa kwa lipi, lakini alikuwa amezoea kusifiwa kwa chapa, kwa hiyo aliona ni haki yake.

Kisha ile mashine ya kukoboa ikapasuka injini. Ilitoa mlio mmoja mbaya, ikamwaga mafuta, ikanyamaza. Hakuna aliyelia; ilikuwa imechosha watu siku nyingi. Nkuba akaenda Uyole kutoa habari. Ikupa alimweleza kuwa kwa hali ya mashine Iringa wanapokea maneno matatu tu: nzima, mgonjwa, au imekufa.

"Imekufa," Nkuba alisema. "Lakini waambie ni ile ya..."

"Siwezi kuwaambia 'ni ile ya', mzee. Watakataa."

Basi akabonyeza, akasema kwa ufasaha wa mtu aliyekwisha kufundwa: "Taarifa. Nne, moja, saba. Imekufa. Ova."

"Taarifa imepokewa," Iringa ikasema.

Haikupita muda, lori la ofisi likaja Mwamihale. Dereva wake, Filemoni, alikuwa Mbena mtaratibu, mwenye watoto na hofu ya kufukuzwa kazi. Alikuwa na amri ya kuchukua mashine namba mia nne kumi na saba ikauzwe chuma chakavu. Wanaume walimsaidia kupakia ile ya kukoboa huku wakipiga vigelegele vya kejeli. Filemoni alikunywa maziwa, akashukuru, akaenda kunawa mikono mtoni. Aliporudi, uso ulikuwa umebadilika.

"Mzee Nkuba, kule mtoni kuna pampu ina namba hii hii."

"Ndiyo. Ni yetu."

"Na hiyo ya kusaga?"

"Nayo yetu."

Filemoni alikaa kwenye ngazi ya lori, akashika kichwa. "Sasa nimeelewa. Iringa wote wanajua hii mashine inafanya kazi tatu. Mimi nimepakia kazi moja. Nikifika na theluthi ya mashine, nitawaambia nini? Watasema mbili nimeuza njiani."

Wakamweleza. Wakamshika mkono, wakamtembeza, wakamwonyesha kwamba ni mashine tatu, kila moja na injini yake, kila moja na kazi yake. Filemoni alikubali kila neno. Macho yake yaliona tatu, alisema, lakini amri yake ilisema moja, na mshahara hautolewi na macho. Akapakia pampu. Ilikuwa ikifanya kazi alipoizima.

Kwenye mashine ya kusaga alimkuta Ng'washi. Hakuwa amepiga kelele wala kushika fimbo. Alikuwa amekaa juu ya injini, khanga imekazwa kiunoni, na nyuma yake wanawake na vikapu vya mahindi.

"Hii haiondoki," alisema.

"Mama, mimi natumwa tu."

"Najua, mwanangu. Hata mimi nimetumwa. Nimetumwa na haya mabega yangu. Hii haiondoki."

Filemoni alitazama saruji, akatazama boliti, akashukuru moyoni kwamba hakuwa na spana za ukubwa ule. "Nitarudi wiki ijayo na mafundi," alisema kwa sauti ya chini. "Nenda ukaongee na wakubwa, mzee. Panda, nakupeleka."

Nkuba alipanda, amekaa kati ya mashine mfu na mashine hai, na njia nzima mpaka Iringa alihesabu maneno atakayosema. Alijua wazi sasa kosa liko wapi. Lilikuwa kwenye mkono wake uleule aliojivunia, na likimkosesha mke wake unga, atalala wapi?

Iringa aliletwa kwanza kwenye chumba cha redio. Alitarajia kukuta mtu mkavu kama sauti yake. Akakuta baba mnene, Liberatus, aliyeinuka kumpokea kwa mikono miwili.

"Kamwene, mzee wangu! Wewe ndiye Mwamihale? Karibu, karibu. Nyumbani hawajambo? Mvua zimekuwaje huko? Na ng'ombe?"

Akamwagizia chai. Akamuuliza habari za watoto wote. Nkuba nusura atokwe na machozi, maana hizo ndizo salamu alizomtumia mtu huyu kwa redio zikaambiwa hazijulikani. Akamweleza kosa lote tangu mwanzo. Liberatus alisikitika kwelikweli, akatikisa kichwa, akasema jambo lenyewe ni dogo. Linatakiwa tu kutolewa amri ya kuipa mashine ya kusaga namba nyingine.

"Basi itoe."

"Mimi napokea, mzee. Sitoi. Amri inatoka Uyole."

"Mimi ndiye huwa natoka Uyole! Nipo mbele yako! Weka namba mashine Mwamihale!"

"Kwa mdomo siwezi, mzee wangu. Lazima ije kwa redio. Ongeza sukari."

Kwa Bwana Marcelino hakupewa chai. Mkuu alimsikiliza mpaka mwisho, na kadiri alivyosikia ndivyo uso ulivyozidi kumganda. Nkuba hakujua kwamba sifa za mashine yenye kazi tatu zilikuwa zimeshapelekwa juu, na kwamba mtu hawezi kurudi kwa wakubwa akawaambia alisifia tarakimu za mchunga ng'ombe.

"Ndugu," alisema, "mfumo wetu hauwezi kuwa na mashine tatu zenye namba moja. Hauwezi. Kwa hiyo hamna mashine tatu."

Wakati huohuo injini ikanguruma uani hata vioo vikatetemeka.

"Nani kawasha gari?"

"Ni pampu yetu, mkubwa. Ile iliyokufa. Mafundi wanaijaribu."

Bwana Marcelino alikwenda dirishani, akaitazama pampu ikitikisika kwa afya, akarudi kukaa. "Kufa kwa mashine si suala la mlio," alisema. "Ni suala la taarifa. Na taarifa mlituma wenyewe."

Nkuba akarudi Uyole kwa lori lingine. Ikupa alimwona akaacha kazi nyingine zote, akamsogezea kiti. Walijaribu kila neno linalojulikana. Weka namba mashine Mwamihale. Sauti ya Liberatus, ileile ya baba mnene mwenye chai, ikajibu bila hata chembe ya kumjua:

"Mwamihale haina mashine. Mashine yake imekufa. Kisicho na mashine hakipewi namba. Ova."

"Liberatus, ni mimi," Nkuba akasema. "Mzee Nkuba. Tumekunywa chai."

"Amri haijulikani. Rudia. Ova."

Ikupa alizima redio. Alikuwa na hasira. "Mzee," alisema, "hao wanatafuta namba. Hawatafuti mashine." Kisha akaogopa alichosema, akaita anayefuata.

Nkuba alifika nyumbani jioni, siku moja kabla ya lori. Hakumwambia mtu. Alichukua nyundo na tindo, akaenda kwenye mashine ya kusaga, akapiga magoti mbele ya tarakimu zake nzuri.

Kwa Wasukuma anayefuta chapa ni mtu mmoja tu, naye ni mwizi wa ng'ombe. Hana jina lingine. Anaanza kwa kufuta, kisha anaendesha, kisha anauza, na akikamatwa haulizwi mengi. Linalotazamwa ni lile kovu. Nkuba mwenyewe alikwisha kuitwa zaidi ya mara moja apapase ngozi na kusema kama hapa palikuwa na chapa, na neno lake lilimtosha mtu kufukuzwa nchi. Alipoinua nyundo aliona haya mpaka masikio yakamwaka. Alitazama huku na huku. Ng'washi alikuwa amesimama mlangoni, amekuja bila kuitwa, na kumbe ameona yote.

Alikuja akamshikia taa.

Nkuba akapiga. Alifuta nne, akafuta moja, akafuta saba, akakisawazisha chuma mpaka pakabaki pabaya tu, pasiposomeka. Alipomaliza alikuwa analia, na hakujaribu kuficha.

Filemoni alikuja kesho yake na mafundi na spana kubwa. Alizunguka mashine mara moja. Akainama, akapitisha kiganja juu ya lile kovu, akamtazama Nkuba, na Nkuba hakuweza kumtazama.

"Mia nne kumi na saba iko wapi?" Filemoni aliuliza, kwa sauti ya kusikiwa na mafundi.

"Ulishaichukua," alijibu Ng'washi.

"Na hii?"

"Unaona namba?"

Filemoni alifikiri. Kisha ahueni ikamwenea usoni. "Sioni namba," alisema. "Kisicho na namba sikutumwa kukichukua." Akawaambia mafundi wapande. Kabla lori halijaondoka aliteremsha dumu la dizeli, akaliacha barabarani, akaenda zake bila kugeuka.

Ng'washi akawasha. Unga ukatoka, mweupe, wa moto, na wanawake wakasukumana na vikapu wakicheka. Nkuba aliusikia ule mlio kutoka zizini. Alifurahi, furaha ya kweli kabisa. Lakini hakwenda kuitazama ile mashine.

Iringa nako kulikuwa shwari. Bwana Marcelino alitangaza kwamba katika kanda yake sasa hakuna namba hata moja inayofanana na nyingine, na hilo lilikuwa kweli.

Msimu wa kupiga chapa ulipofika, Nkuba alisubiri ujumbe. Alinoa vyuma vyake, akavipaka mafuta. Aliyekuja wa kwanza alikuwa Budeba, mwenyekiti wa kijiji jirani, mtu mzito ambaye kwa kawaida aliingia kwa watu akipiga kelele tangu barabarani. Safari hii alipitia nyuma ya nyumba. Alikaa, akasalimia kwa kirefu, akauliza habari za kila ng'ombe, kisha akasogeza kigoda karibu.

"Kuna lori linakuja kwetu Jumatatu," alisema kwa kunong'ona. "Pampu yetu wanasema imekufa, na inavuta maji hadi leo. Nimesikia... nimesikia wewe una mkono wa kufuta."

Nkuba alihisi kama amepigwa kofi. Miaka yote watu walimwita kwa sauti, mbele za watoto, waje waone namna mtu anavyofanya kazi. Sasa alikuwa ananong'onewa kama anavyonong'onewa mwizi, tena na mtu anayemheshimu. Alitaka kusema hapana. Alifungua kinywa kabisa kusema hapana.

Akamtazama Ng'washi. Alikuwa ameshasimama, na nyundo na tindo vilikuwa mkononi mwake.

"Yetu haijarudi, na huko wanawake wanachota maji," alisema. "Nenda, Baba Maganga. Pitieni njia ya nyuma."

Akaenda.